Skuta ya Chini ya Maji: Pima Safari kwa Njia ya Kurudi

Bahari iliyo karibu zaidi na Moshi kwa barabara ya Tanzania ipo Tanga, zaidi ya kilomita 300, lakini habari za kuzamia zinafika mjini hapa kila msimu. Mgeni aliyeshuka Kilimanjaro Jumatano, Jumamosi yuko Nungwi anavaa mtungi wa hewa. Muongozaji aliyempandisha anabaki na picha kwenye simu na swali kichwani: na mimi je? Siku hizi picha hizo huwa na kitu cha ziada: chombo chenye feni na mishikio miwili kinachomvuta mzamiaji bila yeye kupiga mapezi. Hiyo ndiyo skuta ya chini ya maji.

Makala haya ni ya mtu aliyekwisha kujifunza kuzamia, au aliye njiani kujifunza, na anataka kuijaribu. Simkatazi. Ninampa sharti moja linalozaa mengine yote: usiende na skuta mahali ambapo huwezi kurudi bila skuta. Na kwa mkazi wa Moshi, kurudi hakuishii kwenye boti. Kunaishia nyumbani, na nyumbani kuko juu.

Inafanya nini, haifanyi nini

Ndani ya skuta mna betri, mota na rafadha iliyozungushiwa kingo. Unabonyeza kitufe, rafadha inasukuma maji nyuma, nawe unakwenda mbele. Ukiachia, inasimama. Zipo ndogo za kushika kwa mikono, zenye uzito wa kilo chache, zinazopendwa na watalii na wapiga picha. Zipo na kubwa, zenye umbo la kombora, zinazomvuta mzamiaji kwa kamba fupi iliyofungwa kwenye pete ya mkanda wake ili mikono isichoke. Hizo kubwa ni za watu wa mapangoni na wa meli zilizozama, na mtu anayeanza hana haja nazo.

Ukoo wake ni wa vita. Desemba 1941 wanamaji wa Italia waliingia bandari ya Alexandria, Misri, wakiwa wamepanda vyombo vya namna hii, wakaziharibu manowari mbili za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant. Kufikia 1956 skuta zilikuwa zimeingia katika filamu ya Jacques Cousteau, Le Monde du silence, si silaha tena bali chombo cha kutazamia bahari.

Faida yake ni ya kweli. Misuli ikitulia, pumzi hutulia, na hewa hudumu zaidi. Mwenye goti bovu anapumzika, na mwenye kamera anavuka uwanda mtupu wa mchanga na kufika kwenye mwamba akiwa bado na mtungi mzito. Lakini angalia kinachobaki vilevile: mtungi ni ule ule, kina unachoruhusiwa ni kile kile, na damu yako inafyonza naitrojeni kama kawaida. Skuta imeongeza umbali tu.

Hesabu ya umbali

Tuseme skuta yako inakwenda kilomita 3.6 kwa saa. Hiyo ni mita moja kwa sekunde, kwa hiyo baada ya dakika 10 uko mita 600 kutoka ulipoanzia. Hapo betri inakata, au rafadha inanasa kipande cha kamba. Mtu anayepiga mapezi kwa utulivu hufanya mita 15 hadi 20 kwa dakika, maana yake una dakika 30 hadi 40 za kurudi.

Sasa ziweke dakika hizo kwenye mtungi. Mtu anayetumia lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji hutumia 40 akiwa kina cha mita 10, kwa sababu mgandamizo huko ni maradufu. Dakika 30 zitakula lita 1,200. Mtungi wa lita 12 uliojazwa mpaka geji isome 200 una lita 2,400 kwa jumla. Nusu ya mtungi imekwenda kwenye kurudi peke yake, na hapo hatujahesabu mkondo wala wasiwasi, ambao nao hula hewa.

Kila aliyeshuka kwa baiskeli kutoka Kibosho hadi mjini analijua jambo hili: kushuka hakukudai pedali hata moja, na bila kupanga unajikuta Soko la Mbuyuni, deni unalilipa jioni, ukipanda.

Kwa hiyo siku ya kwanza jiwekee duara. Usitoke zaidi ya umbali unaoweza kuurudia kwa mapezi ndani ya dakika tano, yaani mita 75 hadi 100. Betri igawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu lisiguswe. Hewa nayo ihesabu kwa ukali: ukianza na 200, geuka geji ikifika 140, hata kama kila kitu kinaonekana shwari. Mwenza wako awe kando yako, si nyuma, maana kwa mwendo wa skuta kugeuza shingo kumtafuta kunaweza kuingiza maji kwenye miwani. Kama skuta ni moja kati ya watu wawili, mwendo ni wa yule asiye nayo.

Kuna hila moja ambayo wageni wa kifaa hiki huigundua wakiwa wamechelewa: skuta inaficha mkondo. Mtu anayepiga mapezi huhisi mapema kwamba maji yanampinga, lakini aliyevutwa na mota hahisi kitu. Kabla ya kuondoka, zima, elea, tazama mchanga au mwani chini yako kwa nusu dakika uone maji yanakupeleka wapi. Kisha anza safari kwa kupingana nayo, ili wakati wa kurudi mkondo uwe upande wako. Rudia kipimo hicho kila baada ya dakika chache.

Juu na chini ndiko kwenye hatari

Mita moja kwa sekunde ni mita 60 kwa dakika. Kasi inayofundishwa leo ya kupanda kuja juu ni mita 9 kwa dakika. Yaani mtu aliyeielekeza skuta juu kwa sekunde kumi tu amepanda mita kumi, mwendo wa zaidi ya mara sita ya anaoruhusiwa. Hewa iliyo kwenye mapafu hutanuka kadiri mgandamizo unavyopungua, na mita kumi za mwisho ndizo zenye tofauti kubwa kuliko zote. Aliyebana pumzi katika sekunde hizo anaweza kuchanika mapafu.

Kanuni hapa haina mjadala: hupandi kwa mota. Ukitaka kwenda juu, achia kitufe, ninginiza skuta kwenye mkanda, panda kwa mapezi, simama kina cha mita 5 kwa dakika tatu kama ulivyofundishwa, kisha toka. Kushuka nako ni kwa taratibu, kwani masikio yanahitaji muda wa kusawazishwa na skuta haiyasubiri. Hata safari inayoonekana ya usawa ina mtego, sababu ukitazama mandhari mbele yako unaweza kupanda na kushuka mita nne tano mara kwa mara bila kujua. Kwa hiyo macho yawe kwenye kompyuta ya kuzamia kila baada ya pumzi chache. Mwenye cheti cha kwanza anabaki ndani ya mita 18, na mita 40 ni mwisho kwa mzamiaji wa burudani yeyote.

Jikague vilevile kwa vitu vinavyoning'inia. Mipira ya hewa, kamba ya kamera, mkanda mrefu wa jaketi na nywele ndefu vyote vinaweza kunyonywa na rafadha. Vibane kifuani, nywele zifungwe ndani ya kofia. Jifunze pia kuitupa. Skuta iliyoingia maji huwa mzigo unaokuvuta chini, na iliyokwama kitufe hukukokota isikotakiwa. Katika hali zote mbili mkono uwe umeshazoea kuachia. Chombo kinanunulika tena.

Pa kujaribia ukiwa Moshi

Anza kwenye bwawa la kuogelea, na mwalimu, siku isiyo na watoto. Maji ya bwawa si ya chumvi, kwa hiyo mizani inabadilika. Skuta yenye ujazo wa lita 20 iliyosawazishwa kuelea katikati ya maji ya bahari itakuwa na uzito wa ziada wa takriban nusu kilo kwenye maji baridi. Wewe mwenyewe, ukiwa na vifaa vyako jumla ya kilo 100, utahitaji risasi za mkandani pungufu ya zile za baharini kwa kama kilo mbili na nusu. Andika uzito uliokufaa bwawani, kisha ukifika pwani pima upya, usikariri.

Zoezi la bwawani ni hili. Kwanza elea bila kusogea huku umeshika skuta iliyozimwa. Ukishindwa hapo, skuta isubiri, ujuzi wa kuelea ndio wenye upungufu. Kisha washa na uzime mara nyingi, sekunde mbili mbili. Pinda kushoto na kulia kwa kuelekeza mikono, mwili ukifuata. Endesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika pua kusawazisha masikio. Mwisho izime na uvuke bwawa zima kwa mapezi ukiikokota. Zoezi hilo la mwisho ndilo linalokuonyesha ukweli: utajua miguu yako ina thamani gani siku betri ikifa. PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, wana kozi maalumu ya chombo hiki kwa mwenye cheti cha kwanza, kuanzia umri wa miaka 12, yenye mizamio miwili. Ni fedha iliyotumika vizuri kuliko kuongeza ukubwa wa betri.

Wengi wataniuliza kuhusu Chemka, zile chemchemi za Kikuletwa upande wa Boma Ng'ombe. Maji yake ni angavu na ya uvuguvugu, na yanavutia kweli. Lakini mwishoni mwa wiki pamejaa waogeleaji, mizizi ya miti inaingia majini, na wapo wanaoruka kutoka kwenye kamba bila kutazama nani yuko chini. Rafadha inayozunguka haina nafasi katikati ya miguu ya watu. Chemka kaogelee.

Ziwa Chala ni jambo lingine. Shimo hilo la volkano, kwenye mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro, mpakani na Kenya, lina kina cha zaidi ya mita 90, na kuta zake zinateremka ghafla. Maji yake kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, yakilishwa na mvua za mlimani. Wanasayansi wamechimba tope la sakafu yake kusoma historia ya hali ya hewa ya miaka elfu nyingi. Kwa anayejaribu skuta kwa mara ya kwanza, uzuri huo wote ni wa kutazamwa kutoka juu ya ukingo. Mwaka 2002 mamba alimuua binti wa Kiingereza aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya. Zaidi ya hapo, ziwa liko takriban mita 880 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 10. Majedwali ya kawaida ya kuzamia hutumika mpaka mita 300. Juu ya hapo zinahitajika hesabu za mahali palipoinuka, na mafunzo yake. Bwawa la Nyumba ya Mungu nalo liache kwa wavuvi: maji ni ya tope, mna mamba na viboko, na nyavu ni nyingi.

Ukifika baharini

Chagua siku kwa kufuata mwezi. Wakati wa bamvua maji hujaa na kupwa kwa nguvu, mikondo ikawa mikali. Maji mafu, siku za nusu mwezi, ndiyo yanayomfaa mgeni wa skuta. Msimu nao una neno: kusi ikivuma, katikati ya mwaka, bahari huchafuka, ila kaskazi, Desemba hadi Machi, mara nyingi hutoa maji angavu. Pemba ina kuta za matumbawe zinazoshuka kuingia kilindini na mikondo inayojulikana kwa ukali. Iweke kuwa ya baadaye. Anzia sehemu yenye sakafu ya mchanga, kina cha mita 6 hadi 10, mahali ambapo sakafu yenyewe inakuzuia kushuka zaidi.

Uliza kabla ya kushusha chombo. Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995, Tanga ina Hifadhi ya Silikanti tangu 2009, na kila hifadhi ina masharti yake kuhusu mota. Silikanti, yule samaki wa kale aliyevuliwa mara nyingi mbele ya Tanga kuanzia 2003, anaishi kwenye kina kisichofikiwa na mzamiaji wa burudani, na skuta isikupe wazo la kumfuata. Kaa mbali na madema na nyavu. Ukanda wa Paje na Jambiani una kamba za mwani zilizofungwa kwenye vijiti, ni shamba la mtu, na kamba hizo na rafadha havipatani. Usimfukuze kasa wala pomboo. Usipite karibu na matumbawe, maana mchanga unaotimuliwa na rafadha huyafunika.

Swali la mwisho kabla ya kuingia majini muulize mwenye kituo: oksijeni ya dharura iko wapi, na chumba cha mgandamizo kinachofanya kazi leo kiko wapi? Akibabaika, tafuta kituo kingine.

Njia ya kurudi Moshi

Hapa ndipo ushauri wa vitabu vya pwani unapomwacha mtu wa kaskazini. Mzamiaji anaambiwa asipande ndege mara baada ya kuzamia, naye anasema: mimi napanda basi. Mwili hautofautishi basi na ndege, unajua mgandamizo tu. Mwongozo unaotumiwa na wengi, wa shirika la usalama wa wazamiaji la DAN, unahusu vimo vya takriban mita 600 hadi 2,400, ambavyo ndivyo hewa ya ndani ya ndege huigiza. Moshi, ikiwa kati ya mita 800 na 900, imo ndani ya mipaka hiyo. Marangu na Machame zimo zaidi. Lushoto, ambako wengi hupenda kulala wakitoka Tanga, iko karibu mita 1,400.

Kwa mujibu wa mwongozo huo, ukizamia mara moja bila vituo vya lazima vya kupunguza mgandamizo, subiri saa 12. Ukizamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, saa 18. Kama ulilazimika kufanya vituo hivyo, zaidi ya hapo; saa 24 ni desturi njema. Kwa hiyo basi la jioni baada ya mzamio wa mchana halipo kwenye ratiba yako. Lala Tanga, kula, kunywa maji, ondoka kesho yake.

Mlima ni habari nyingine kabisa. Mandara iko mita 2,700, tayari juu ya kipimo cha mwongozo. Horombo ni 3,720 na kilele ni 5,895. Ubaya wake ni kwamba dalili za mlima na za kuzamia hufanana: kichwa kuuma, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, kichefuchefu. Muongozaji atadhani ni ugonjwa wa mwinuko, kumbe ni naitrojeni iliyotoka vibaya kwenye damu. Wa kwanza hupoa mtu akishushwa. Wa pili unahitaji kushushwa, oksijeni na chumba cha mgandamizo. Maumivu ya viungo, ganzi, au mguu kulegea baada ya kuzamia yasiachwe mpaka asubuhi. Ukiwa Moshi nenda hospitali ya KCMC au Mawenzi, na sentensi yako ya kwanza kwa daktari iwe: nilikuwa nazamia, na niliibuka saa fulani.

Waongozaji na wapanga safari, hili ni lenu zaidi. Mgeni akitaka mlima na bahari, mpeni mlima kwanza. Akishuka apumzike, anywe maji, na kikohozi kile cha mlimani kiishe kabla hajavaa mtungi, kwa sababu mafua na masikio ya mzamiaji havikai pamoja.

Kununua au kukodi

Kodi kwanza. Anayesafiri kwa ndege kutoka KIA akabiliane na sheria za betri za lithiamu: zidisha volti kwa ampeasaa zilizoandikwa juu yake, upate watisaa. Hadi 100 inaruhusiwa. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege kabla. Zaidi ya 160 haiingii kwenye mizigo ya abiria. Betri za akiba hukaa mkobani, si kwenye sanduku la chini. Skuta nyingi zenye nguvu huvuka kipimo hicho, kwa hiyo mkazi wa Moshi anaweza kununua chombo asichoweza kusafiri nacho.

Ukinunua hata hivyo, ioshe kwa maji baridi kila siku ya chumvi, kagua oringi na kuipaka grisi ya silikoni, na uchaji mbele ya macho yako, si usiku umelala, hasa pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Kabla ya kutoa fedha, jiulize umezamia mara ngapi mwaka uliopita. Kama ni wikendi moja Tanga, gharama ya skuta ingelipia mizamio mingi na mwalimu mzuri, na hivyo viwili ndivyo vitakavyokurudisha kwenye boti siku mota ikinyamaza.